Bamvua Mjini Venice

Azma ya Msafiri ilikuwa nyepesi kuitaja na nzito kuitimiza: kusimama kwa saa moja mbele ya ramani moja. Ramani yenyewe ni ya Fra Mauro, mtawa wa karne ya 15 aliyeichora mnamo 1450 hivi katika monasteri ya kisiwa cha San Michele, baina ya Venice na Murano. Ni duara lenye upana wa takriban mita mbili, na kusini imewekwa juu, kaskazini chini, hata mtazamaji wa leo hana budi kuipindua dunia kichwani mwake kwanza ndipo aisome. Fra Mauro hakufika katika pwani ya Afrika Mashariki asilani. Aliwahoji waliosafiri, wakiwemo watawa wa Ethiopia waliofika Italia, naye akaona kauli zao zina uzito kuliko ya Ptolemy, ambaye elimu yake iliifunga Bahari ya Hindi kwa nchi kavu kana kwamba ni ziwa. Katika ramani ya mtawa huyu bahari hiyo iko wazi, vyombo vinapita, na miongoni mwa majina ya pwani ya Afrika limo jina la Zanzibar kwa tahajia ya Kiveneti.

Kwa mtu aliyezaliwa Lamu na ambaye tasnifu yake ya uzamili ilihusu msamiati wa bahari katika ushairi wa kale wa pwani, ramani hiyo haikuwa pambo. Sura nzima ya tasnifu ilikuwa ikiisubiri. Picha zake ziko vitabuni, bila shaka, lakini maandishi madogo yaliyoizunguka pwani hayasomeki vizuri katika picha za vitabuni, na Msafiri alikuwa na maswali matatu kuhusu nafasi ya majina yale yasiyojibika ila kwa jicho. Mwaka 2019 alikuwa Ujerumani kwa ufadhili wa miezi mitatu. Ufadhili ulilipia chumba na maktaba, haukulipia Italia. Alikula mkate na maharage ya mkebe kwa wiki tano, akapata nauli ya basi la usiku, malipo ya usiku mbili katika bweni la wasafiri, kiingilio cha makumbusho, na euro 40 za kila kitu kingine. Tikiti ya basi la kurudi ilikuwa ya aina isiyobadilishwa wala kurejeshwa. Baada ya wiki hiyo, viza ingekuwa imebakiza siku tisa.

Alifika Jumanne, Novemba 12, alasiri, shanta mgongoni, katika mvua ya rasharasha yenye upepo. Jioni ile hakukuwa na wakati wa makumbusho. Ramani aliipangia Jumatano, kutwa nzima.

Wanaosafiri kwa shanta wana namna yao ya kuujua mji. Mwenye sanduku la magurudumu anapofikwa na mvua huingia hotelini akaagiza chai, na mvua ikawa mandhari ya dirishani. Wa shanta hujibanza chini ya tao la daraja. Hujua ni kanisa lipi huingiwa bila malipo, na kwamba nchini Italia kahawa inywewayo kwa kusimama kaunta ni rahisi kuliko kahawa ile ile ikinywewa mezani. Mvua inanyesha kwa wote, lakini hailoweshi wote sawa, na kwa asiyekuwa na pesa hali ya hewa si mazungumzo ya kupisha wakati. Ni hesabu.

Hata hivyo, matembezi ya jioni ile hayakuwa ya hasara. Venice ni mji ambao mwanafunzi wa Kiswahili akitega sikio hujihisi ugenini na nyumbani kwa pamoja. Si majengo tu, ingawa vichochoro vyake vyembamba, vilivyopakana kuta na kupinda bila sababu, vitamkumbusha yeyote aliyewahi kupotea Langoni au Mkomani. Ni maneno. Kiwanda kikuu cha merikebu za dola ile ya kale huitwa Arsenale, na neno hilo lilitoka katika Kiarabu, dar as-sina'a, yaani nyumba ya kazi ya ufundi. Mzizi wake ndio uliokipa Kiswahili neno sanaa. Kwenye ncha ya Mfereji Mkuu pana jengo la forodha ya zamani, Punta della Dogana. Dogana ni mtoto wa diwan, neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu. Kiswahili kililipokea neno hilo hilo, kikaliita diwani: mara ni mtu wa baraza, mara ni mkusanyiko wa mashairi. Ushuru wa Waveneti na mashairi ya Waswahili, ala! Maneno mawili ya ukoo mmoja yaliyogawana urithi wakaenda njia tofauti. Mwenzetu yeyote aliyewahi kusoma kwamba maneno ya mkopo ni dalili ya unyonge wa lugha angetembezwa pale jioni moja, hata kama kunanyesha.

Na upepo uliokuwa ukivuma ulikuwa na jina la ukoo vile vile. Waitaliano huuita scirocco. Wanaetimolojia huuhusisha na mzizi wa Kiarabu sh-r-q, ulikochomoza jua, ambao Kiswahili kinao katika mashariki. Huvuma kutoka kusini mashariki, ukapanda Bahari ya Adriatic kwa urefu wake wote. Bahari hiyo ni ndefu na nyembamba mfano wa mfuko wa soksi, na Venice iko kidoleni. Upepo ukishikilia kwa saa nyingi, maji husukumwa mpaka kaskazini, yakakosa pa kwenda ila ndani ya wangwa mpana wenye mafunguo matatu tu ya baharini: Lido, Malamocco na Chioggia.

Saa moja ya jioni, saa tatu huko Lamu, Msafiri alimpigia simu ami yake, mvuvi mstaafu ambaye ndiye aliyemlea. Baada ya salamu na kuulizana hali, ami aliuliza hewa ikoje. Akaambiwa ni mvua na upepo wa kusini mashariki.

“Yeo mwezi ni kumi na nne,” ami alisema. “Hapa ni bamvua. Huko mayi hayayai?”

Msafiri alicheka. Mfungo Sita ulikuwa umefika katikati, mwezi mpevu, naye aliyekuwa akiandika tasnifu kuhusu bamvua na maji mafu hakuwa ameutazama mbinguni, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameufunika. Lakini mwezi haufunikwi na wingu katika kuvuta kwake maji. Bamvua ya Lamu na bamvua ya Venice zilikuwa zinapanda usiku mmoja.

Ving’ora vilianza baada ya hapo. Venice ina utaratibu wa kuwatahadharisha wakazi saa kadhaa kabla ya maji kujaa. Kwanza hulia king’ora cha kuamsha, kisha sauti ndefu zinazopanda ngazi kwa ngazi: moja kwa kiwango cha sentimita 110, mbili kwa 120, tatu kwa 130, nne kwa 140 na zaidi. Bwenini wageni walitoka vyumbani wakihesabu kwa vidole. Zilifika nne. Mama mwenye bweni, mtu wa makamo aliyekuwa na haraka bila kuwa na hofu, alikuwa ameshafunga bamba la chuma kwenye fremu ya mlango wa nje, akaliinua jokofu juu ya matofali, akaanza kukunja mazulia. Wageni wenye miguu mikavu walimsaidia kupandisha viti orofani. Msafiri alibeba makaratasi ya ofisi: leja, faili za kodi, na boksi la vitabu vilivyosahauliwa na wapangaji wa miaka mingi.

Bamba la mlangoni halikufua dafu. Maji hayakuja kwa mlango peke yake. Yalitoka pia katika mashimo ya sakafuni, kwa utulivu, kama mgeni aliyekuwa na ufunguo wake. Nje, kimbunga kidogo kilikuwa kimeongezeka juu ya upepo wa kawaida, na mitikisiko yake ilizidi kilomita 100 kwa saa. Umeme ulizimika. Saa nne na dakika 50 usiku kipimo kilionyesha sentimita 187. Tangu vipimo vianze kuwekwa, ni gharika ya Novemba 4, 1966 pekee iliyokuwa imekishinda kiwango hicho, kwa sentimita 194. Zaidi ya asilimia 80 ya mji ilikuwa majini. Vivuko vya abiria viling’olewa gatini na kurushwa juu ya kingo za mawe. Katika kisiwa cha Pellestrina watu wawili walikutwa wamefariki, mmoja wao akiwa amepigwa na umeme alipokuwa akihangaika na pampu ya kuondoa maji nyumbani kwake.

Kisha, kama ilivyo tabia ya maji ya bahari, yalipwa. Hiki ndicho ambacho wengi wanaosoma habari za mafuriko ya Venice hawakifikirii: si mto uliofurika ukakaa wiki. Ni maji ya kujaa na kupwa. Hukaa saa chache, yakaondoka, yakarudi kwa zamu yake. Asubuhi yake yalirudi kwa sentimita 144.

Msafiri aliazimwa gambuti mbili zisizolingana, akatoka kwenda Piazza San Marco. Mlango wa Makumbusho ya Correr, ambao kupitia kwao mgeni huingia kumbi za Maktaba ya Marciana iliko ramani, unatazama uwanja huo, na uwanja huo ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa za mji. Kuna siku nyingi za mwaka ambapo hulowa hata bila gharika. Vipito vya mbao vinavyowekwa wakati wa maji kwa ajili ya waendao kwa miguu havikuwapo, maana maji yakipita kiasi fulani vipito hivyo huelea, vikawa hatari kuliko msaada. Wachuuzi walikuwa wakiuza viatu vya plastiki vya kuvalia juu ya viatu, vya rangi ya machungwa, kwa euro 10. Msafiri alisimama penye ukomo wa gambuti zake. Ng’ambo ya maji yaliyometa, hatua kama 200 hivi, ilikuwa milango iliyofungwa. Juu yake, orofani, mahali pakavu, palikuwa na Zanzibar ya Fra Mauro.

Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Wiki tano za maharage.

Ami alipopigiwa tena simu alitaka kujua maji yalipanda kiasi gani. Sentimita hazikumwambia kitu. Msafiri alifanya hesabu: 187 ni pima moja na vidole viwili hivi.

“Pima moya tu?” ami aliuliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. “Pima moya nao wazama?”

Swali hilo lastahili kutuliwa, kwa sababu halina mzaha ndani yake. Katika Lamu na Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita tatu. Bahari hupanda na kushuka kiasi hicho mara mbili kila siku, na hakuna anayepiga king’ora, kwa kuwa gati, ngazi za ufukweni, na nyumba zenyewe zilijengwa na watu waliokwisha kuyapimia maji mwendo wake mrefu. Venice ilijengwa na watu wenye bahari ya kiasi. Mwendo wa kawaida wa maji kule haufiki mbali na mita moja, nao wakajenga vizingiti vyao hapo hapo, karibu na maji kadiri ilivyowezekana, maana biashara yote ilipitia mlango wa majini. Tena hizo sentimita 187 hazihesabiwi kutoka maji yalikopwa. Zinahesabiwa kutoka alama iliyowekwa 1897 karibu na kanisa la Salute, na tangu hapo mji umedidimia na bahari imepanda, jumla ya zaidi ya sentimita 30. Kwa hivyo kila bamvua ya leo inaanzia ngazi ambayo bamvua ya mababu haikuwa nayo. Alipoelezwa hayo ami alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Lamu nayo ina alama ya namna hiyo.

Msafiri hakuwa na jibu la kumpa.

Alipokuwa akirudi bwenini aliona foleni ya vijana kwenye uchochoro, kama thelathini, wakipokezana vitabu. Katika siku zile vijana wa Venice, wengi wao wanafunzi, walijitokeza kwa mamia kusafisha nyumba, maduka na maktaba za orofa ya chini. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani wala ametoka wapi. Pengo lilikuwapo kati ya msichana mmoja na mzee mmoja, akalijaza. Alibaki katika foleni ile mpaka jioni, na kesho yake, Alhamisi, alirudi mpaka saa ya basi.

Vitabu vilivyonywa maji ni vizito mno. Kamusi moja ilihitaji mikono miwili na kifua. Mwisho wa foleni alikuwapo bibi mmoja wa maktaba aliyevigawa kwa utulivu wa daktari wa vita. Vilivyoloa chapachapa vilifungwa kimoja kimoja katika karatasi ya plastiki, vikapangwa katika kreti kwenda kugandishwa kwa baridi kali. Msafiri alidhani hakusikia vizuri. Bibi alimweleza kwa Kiingereza cha pole pole: adui wa kwanza baada ya maji ni ukungu, nao hauhitaji zaidi ya siku mbili tatu kushika. Baridi kali huusimamisha. Kitabu kilichogandishwa kinaweza kungoja miezi mpaka wataalamu wakikaushe taratibu kwa mitambo inayoivuta barafu bila kuirudisha kuwa maji. Vilivyopata unyevu kidogo vilisimamishwa wima, kurasa zikitanuliwa kidogo, karatasi nyeupe za kunyonya maji zikipachikwa kila baada ya kurasa kadhaa na kubadilishwa mara kwa mara, penye kivuli na hewa inayotembea. Kurasa zilizogandana haziachanishwi kwa nguvu. Na jua? Bibi alitikisa kichwa kwa ukali. Jua hukunja karatasi, hukausha gundi, huvunja ngozi ya jalada, hupausha wino. Kitabu kilicholoa hakianikwi juani kamwe.

Hapo ndipo Msafiri alipoacha kufikiria ramani.

Katika nyumba ya ami, Lamu, mna kasha la mvule lenye miswada kumi na mmoja ya nyanya wa ami, mwalimu wa chuo, aliyenakili tenzi na dua kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Hakuna aliyewahi kuipiga picha. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, na ukuta wa matumbawe hunywa maji kama sponji. Kila masika inapokwisha, tangu Msafiri akiwa mtoto, ami hulifungua kasha, akautandika mkeka kwenye kiwanda cha nyumba, akaianika miswada juani kutwa nzima, ukurasa juu, jiwe dogo kila pembe. Ilikuwa ndiyo heshima kubwa aliyoweza kuipa. Watoto walikatazwa kukimbia siku hiyo.

Alipiga simu ya tatu akiwa katika kituo cha basi, soksi zikitiririka maji. Kumwambia mzee wa umri ule kwamba jambo alilolifanya kwa mapenzi miaka arubaini lilikuwa likiteketeza alichokipenda si kazi ya simu, tena ya salio la dakika sita. Msafiri aliizunguka. Alisimulia foleni, kreti, bibi wa maktaba. Ami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba wino wa bibi yake ulikuwa umeanza kupauka, naye alidhani ni uzee tu.

Siku iliyofuata, Novemba 15, maji yalipanda tena hadi sentimita 154 na Piazza San Marco ikafungwa. Msafiri alikuwa Ujerumani akizisoma habari hizo mtandaoni. Milango 78 ya chuma ya mradi uitwao MOSE, ambayo ujenzi wake ulianza 2003 na ukacheleweshwa, pamoja na mengine, na kashfa ya rushwa ya 2014, ilikuwa haijawa tayari. Iliinuliwa kuuzuia mji dhidi ya maji halisi kwa mara ya kwanza Oktoba 3, 2020. Tarehe 22 Novemba 2022 bahari ilifika zaidi ya sentimita 170 nje ya milango hiyo, na ndani mji haukuzama. Siku hizi ramani ya Fra Mauro yaweza kutazamwa mtandaoni kwa ukaribu unaotosha kuyajibu mawili katika yale maswali matatu. Sura ya tasnifu iliandikwa kwa msingi huo, na la tatu likaachwa kwenye tanbihi.

Miswada nayo ilipigwa picha katika 2020, miezi ambayo barabara na vyuo vilifungwa na Msafiri akawa nyumbani Lamu bila pa kwenda. Ilifanywa sebuleni, dirisha la kaskazini likiwa wazi, karatasi nyeupe zikipachikwa baina ya kurasa. Ami ndiye aliyezifunua, kwa kuwa vidole vyake vilizijua. Kumi ilikamilika. Wa kumi na moja, utenzi usiojulikana jina lake, kurasa nne za mwisho zimegandana, na hadi sasa hakuna aliyethubutu kuzibandua.